Mtu wa Isiolo Anayemtafutia Waweru Laptop

Bulla Pesa, Isiolo

Kwa dada yangu Mugure,

Nakusalimu wewe na wote walio hapo nyumbani, nikianza na Mama. Natumaini baridi ya mwezi huu haijamrudishia kile kikohozi, na kwamba viazi vimetoka shambani kabla ya mvua. Mimi ni mzima, ila mgongo unanikumbusha umri. Tunamwaga slabu ya jengo moja huku Wabera, na sisi vibarua wa mkono ndio tunaopandisha zege begani. Jua la huku wewe unalisikia tu kwa watu. Hata mbao za ngazi zinachoma.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yako hukaa zaidi mkononi mwa mdogo wetu Waweru kuliko mwako. Barua ataileta Mungania, dereva wa lori anayekuja huko Kinangop kupakia viazi, na nimemwambia asimpe mtu mwingine. Unisamehe mwandiko. Tangu nianze nimeketi, nimeinuka, nimeenda mpaka mlangoni, nimerudi.

Uliponipigia ulikuwa na hofu. Ulisema Waweru ameuza ndama wake ili anunue laptop ya kuchezea michezo mikubwa ya kompyuta, na kwamba aliyejitolea kumtafutia ni mtu wa hapa Isiolo anayejiita Ndovu. Hawajawahi kuonana. Hukutana tu kwenye mchezo wa mpira, kila mmoja akiwa mji wake, na kati ya mechi huandikiana. Ulisema Waweru anamsifu mpaka chakula kinapoa. Kilichokutisha ni kwamba Ndovu alipoombwa namba ya kutumiwa pesa, alianza kuzunguka. Mara simu imeharibika, mara angoje kidogo. Ukaniambia nimtafute kabla ndama wa watu hajaliwa na mkora, na nisimguse Waweru kwa maneno, kwa kuwa yeye na mimi hatusemezani.

Ni kweli hatusemezani. Ulikuwepo. Nilimwita aje tufanye kazi pamoja huku, akasema kazi yake itakuwa ya kompyuta. Nikamwambia mchezo haujawahi kumjengea mtu nyumba. Akanijibu mbele ya Mama kwamba mimi najengea watu nyumba na yangu bado sijaianza. Mama akacheka. Siku hiyo hiyo Waweru akafuta namba yangu.

Basi, kuhusu laptop nimejionea mwenyewe. Kuna kijana Msomali anaitwa Yahye, anauza na kutengeneza hapa Wabera. Nilienda kwake nikitoka kazini, vumbi likiwa bado kichwani. Akaweka mbili mezani. Moja nyembamba, ya rangi ya fedha, nzuri ya kubebwa na mtu wa ofisi. Nyingine nyeusi, nene kama tofali, herufi zake zingine zimefutika. Akafungua mchezo mmoja kwenye zote mbili, akageuka kuhudumia mtu mwingine.

Mimi nikafanya ninachojua. Sisi tukipokea simiti, tunatia mkono ndani ya mfuko. Ikiwa baridi, ni nzuri. Ikiwa na joto, imeanza kuharibika, irudi ilikotoka. Nikaweka kiganja juu ya ile ya fedha, nikaikuta baridi kabisa. Nikaweka juu ya nyeusi, nikakitoa haraka. Ilikuwa moto, na feni zinavuma kama mashine ya kusaga mahindi. Nikamwambia Yahye anifungie ile ya fedha.

Aliangalia mkono wangu, akaangalia skrini, akacheka mpaka akashika meza. Akaniambia, "Mzee, hiyo ni baridi kwa sababu mchezo haujaanza. Umemsifu aliyeketi kivulini."

Na kweli, kwenye ile ya fedha bado kiduara kilikuwa kinazunguka. Mchezo ulipofunguka, wachezaji walikuwa wanaruka vipande vipande, mguu huku, mpira kule.

Akanieleza, na yale niliyoshindwa kuelewa nikayageuza kuwa ya mjengo. Prosesa ni fundi wa ukuta. RAM ni ile sakafu tunayokorogea zege. Fundi awe mkali namna gani, ukimpa mahali padogo pa kukorogea atakaa akisubiri. SSD ni stoo. Ile ya fedha ilikuwa na stoo kubwa ajabu, na mimi hilo lilikuwa limenivutia, lakini stoo haijengi ukuta. Kilichokosekana ni kadi ya grafiki ya kujitegemea. Huyo ni fundi wa pili, wa plasta na rangi, na ana mahali pake pa kukorogea. Bila yeye, yule mmoja anajenga na kupaka rangi kwa wakati mmoja, na kazi inatoka hivyo nilivyoiona. Tena RAM ya ile ya fedha imechomelewa, huwezi kuongeza. Nyeusi imeachiwa nafasi.

Nilimuuliza kuhusu joto. Akafungua mgongo wa nyeusi mbele yangu, akapuliza vumbi, akapaka upya ile dawa ya kupitisha joto, na feni zikashuka sauti. Akauliza kwetu kukoje. Nikamwambia asubuhi nyasi huwa nyeupe kwa barafu. Akasema basi mashine hii imekosea kuzaliwa huku.

Ubaya wake ni betri. Imechoka, bila stima haimalizi mechi. Hapo nilisita, kwa sababu najua stima ya huko ikinusa mvua hupotea. Yahye akasema hata betri mpya isingesaidia sana, mashine za aina hii zikichomolewa hupunguza nguvu. Betri hubadilishwa siku yoyote. Kadi ya grafiki imo kwenye ubao wenyewe, ukiikosa leo umeikosa. Anunue sasa kile kisichoweza kuongezwa baadaye.

Lakini haitangoja. Kuna mfanyakazi mmoja wa ofisi za kaunti anayeitaka, na Yahye amekubali kuishika mpaka Ijumaa tu. Tangu hapo situlii. Leo nimepita mara nyingi mbele ya lile duka hata Yahye akaniuliza kama nimeajiriwa kulilinda.

Sasa nije kwa Ndovu. Si mkora, dada. Ndovu ni mimi.

Kuna mama mmoja hapa Bulla Pesa anaitwa Bisharo, ana chumba cha michezo ya video. Sisi wa mjengo tulikuwa tukiingia kwake kupumzisha miguu. Nilianza kwa kutazama, kisha nikacheza, mimi niliyesema yale niliyosema. Jina la Ndovu alinipa yeye, kwa jinsi ninavyobonyeza vile vitufe. Siku moja nikapangwa na mtu anayejiita Kairu Pembemoja. Hakuna mtu mwingine Kenya hii anayemjua huyo ng'ombe wetu, nikajua ni Waweru. Alinifunga mpaka Bisharo akanionea huruma. Halafu akaniandikia, "Umejaribu, bro. Rudi kesho."

Nilipaswa kusema hapo. Nikarudi kesho.

Nimerudi kila jioni. Alinieleza kuhusu viazi, kuhusu Mama, kuhusu vijana wanaomletea simu atengeneze. Kisha akasema ana ndugu yake mkubwa wa mjengo hapa Isiolo, anaitwa Kiarie. Niliacha mpira ukapita. Akaandika, "Ukikutana naye usimwambie unanijua. Niambie tu kama ni mzima."

Nikamjibu ni mzima.

Kwa hiyo unaona shida ya namba. Mtu akituma pesa kwa simu, jina la mpokeaji hutokea kabla hajathibitisha, na jina langu la mwisho ni lile lile lake. Nilimwomba Bisharo tutumie namba yake. Akakataa. Akasema chumba chake ni cha michezo, si maficho ya wanaume wawili wanaoogopana.

Mungania akishakukabidhi barua hii, nitamtumia Waweru namba yangu, bila maelezo. Ataiingiza, jina litatokea, na hapo atathibitisha au ataghairi. Akighairi, laptop itaenda kwa yule wa kaunti, na mimi nitakuwa nimempoteza ndugu na Ndovu amempoteza rafiki. Naliogopa hilo kuliko ngazi yoyote niliyopanda. Lakini siwezi tena kuulizia afya ya Mama nikijifanya mgeni.

Nakuomba usimwambie lolote kabla, wala usinitetee, wala usimwache Mama anililie mbele yake. Ukimwona ameketi na simu bila kubonyeza, usimharakishe. Ila akighairi, mwambie jambo moja: popote atakaponunua, asichukue iliyo baridi.

Msalimie Mama, umwambie sweta aliyonifumia nimeitunza ingawa huku haivaliki. Wasalimie watoto wako, na Njeri umpongeze kwa mtihani. Kesho tunamaliza slabu. Simu nimeichaji, na fundi amekubali nipande nayo juu.

Ni mimi ndugu yako,
Kiarie