Daftari Nililolificha Chini ya Mengine

Alhamisi. Mvua imenyesha tangu asubuhi na mtaa wetu mzima wa Batsinda unanuka udongo. Nimefika nyumbani saa kumi na mbili jioni na bado sijavua koti la mvua.

Ninaogopa. Naandika hapa kwa sababu nikimweleza mume wangu sasa hivi nitalia, na watoto wako sebuleni.

Nafundisha historia na maarifa ya jamii, sekondari mwaka wa pili, kwenye shule moja kule bondeni Kimisagara. Wanafunzi wangu wana miaka kumi na tatu, kumi na minne. Jumatatu niliwapa kazi ya nyumbani: muulize mtu mzima wa kwenu, ulipokuwa kijana majirani zako walikuwa nani, na mliishi nao vipi? Nilitarajia habari za kuombana chumvi na kusaidiana kwenye harusi.

Niseme kweli, niliitoa kazi hiyo ili nijicheleweshe. Mada inayofuata ni mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na kila mwaka huwa naisogeza mbele wiki moja. Wazazi wangu walikuwa wakimbizi, mimi nimekulia Ngara, Tanzania. Tulirudi mambo yameshaisha, nikiwa na miaka minane. Nafundisha nisichokiona, mbele ya watoto ambao nyumbani kwao wapo waliokiona.

Au waliokifanya.

Leo wakati wa kukusanya madaftari, Divine alibaki nyuma. Ni msichana mkimya, anakaa karibu na dirisha, mwandiko wake mzuri kuliko wangu. Hakuliweka daftari lake pamoja na mengine. Alinipa mkononi.

"Mwarimu, yangu usiisome mbele ya wenzangu."

"Kwa nini?"

"Babu aliniambia yote. Na wewe ulisema tuandike yote."

Nililisoma ofisini kwetu walimu, nimesimama. Babu huyo, baba wa mama yake, ametoka gerezani mwezi wa kwanza baada ya miaka mingi, na sasa anaishi nao. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa majirani: nani alifuga nyuki, nani alijua kuimba. Ukurasa wa pili ulikuwa wa kile alichowafanyia. Kwa hayo alishahukumiwa. Lakini mistari minne ya mwisho hakuwahi kuisema mbele ya mahakama yoyote. Kuna mtoto wa jirani, wa miaka sita, ambaye hakuonekana tena. Babu anajua alipo. Nyuma ya tanuri la zamani la matofali, mahali ambapo siku hizi panalimwa mtama.

Kwa usiyetoka hapa: wapo wazazi ambao mpaka leo wanatafuta mifupa ya watoto wao ili waizike.

Na mimi nilifanya nini? Nililisukuma daftari la Divine chini kabisa ya mengine, nikaketi, nikaanza kusahihisha la juu. Nilisahihisha kumi na moja. Nikaandika "vizuri sana" pale palipostahili. Kwa muda wa saa nzima nilikuwa mtu anayejua alipo mtoto wa mwenzake, na amenyamaza.

Hilo ndilo linalonitisha kuliko yote. Sikujua kwamba ni rahisi hivyo.

Saa nane nikampigia mama yake. Ni fundi cherehani, alikuja na tepu bado shingoni. Huwa anapenda kunisemesha Kiswahili kwa sababu anajua nimekulia Tanzania. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Alipomaliza alifunga daftari na kulikumbatia.

"Baba ni mzee. Watamrudisha ndani, na mtoto atajua ni yeye alimrudisha. Niachie hii daftari, mwarimu. Tuseme mvua iliilowesha."

Nilitaka kukubali. Mdomo ulishafunguka kusema sawa. Sijui ni nini kilinifanya nimuulize kitu kingine.

"Mama Divine, mama yake huyo mtoto yuko?"

Aliivua tepu shingoni, akaanza kuikunja.

"Iko. Iko hai. Nikienda kijijini ananisalimia. Ananiuliza, Divine hajambo?"

Hapo akaanza kulia, na mimi nikashindwa hata kumshika bega.

Divine alikuwa nje ya mlango. Alikuwa amesikia yote. Mama yake akanirudishia daftari, akamwambia abaki shuleni, twende serikalini sisi watu wazima. Akakataa. "Mimi ndiye nimeandika," alisema, na akatangulia.

Ofisi ya akagari, serikali yetu ya mtaa, haiko mbali. Katibu ni dada kijana. Alisoma, akaenda kufunga mlango, akasema atawasiliana na viongozi wa kule kijijini, wao watajua namna ya kumwambia huyo mama. Alikuwa sahihi. Lakini Mama Divine alishatoa simu yake.

"Namba yake ninayo," alisema. "Nimechoka kusalimiwa."

Akapiga. Alisema yote kwa Kinyarwanda, kwa haraka, kama mtu anayeteremka mlima bila breki. Simu ilikuwa na sauti kubwa, sote tulikuwa tunasikia. Kisha sauti ya bibi kizee:

"Rudia mahali."

Akarudia.

"Nani amekwambia?"

"Mjukuu wa baba. Mwanangu."

"Ana miaka mingapi sasa?"

"Kumi na minne."

Simu ikakatika. Hatujui kama ni mtandao, au ni yeye aliyekata.

Jumamosi watakwenda kuchimba. Babu atapelekwa kuonyesha mahali, na baada ya hapo sijui. Daftari limebaki ofisini. Tulipokuwa tunaagana, Divine aliniuliza kama atapata alama ya ile kazi au aiandike upya. Nikamwambia aende nyumbani apumzike.

Nimemtoa mtoto kwenye nyumba yenye siri nikamrudisha kwenye nyumba isiyo nayo, na babu bado amekaa humo. Usiku huu watakula chakula pamoja. Naogopa kwa ajili yake, kwa ajili ya mama yake, na kwa ajili ya bibi yule aliyeshika simu peke yake.

Kesho kipindi cha kwanza ni changu, darasa lilelile, mada ileile niliyokuwa naikwepa. Divine amesema atakuja.

Na mimi, nitaingia nikiwa na uso gani?