Usikitafute Tena Kile Kidude

Kwa Fundi Saa,
Nyumba ya Kona, chumba cha mbele,
Barabara ya Bandarini.
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu za moto moto kutoka kwa dada yako mwenye domo. Hujambo? Wifi hajambo? Na huyo binti yenu aliyeota meno mawili kwenye picha, siku hizi anamng'ata nani? Kile kikohozi chako kimekwisha, au bado unajifanya daktari wa nafsi yako? Sisi huku wazima. Mama goti linamsumbua asubuhi tu, likishapata moto anatushinda wote. Shemeji yako bado anakoroma. Baba nitamfikia, maana barua hii ni yake.

Kwanza, asante kwa kifurushi. Pete inayozunguka kioo imekaa sawasawa kwenye saa ya Baba ya kupigia mbizi, na inalia tik, tik, kwa upande mmoja tu kama inavyotakiwa. Najua spea za saa kuukuu za namna hii zilivyo adimu. Waliozitengeneza waliacha zamani, na walio nazo wamezilalia kama kuku na mayai. Umezunguka minadani na kwenye vibanda vya mafundi, ukanunua hata saa mfu uzichinje upate kioo kimoja. Mara moja tu ndiyo uliuziwa mishale mipya iliyochovywa kwenye chai ili ionekane ya zamani. Niliinusa nikacheka mpaka fundi cherehani wa jirani akaja kuuliza kulikoni. Usijali, kuteleza si kuanguka.

Lakini kila ulicholeta, Baba amekikataa. Kioo cha kwanza alisema kinene mno, na kesho yake akasema kimevunjika, amekitupa. Mpira wa kuzuia maji alisema umekauka, na mimi nilikuwa nimetoka kuupaka grisi kwa mkono wangu. Hii pete ya sasa ameigeuza akasema rangi siyo, ile ya zamani ilikuwa imepauka zaidi. Hapo ndipo niliposhtuka, kwa sababu upande wa saa uliokuwa unamtazama ulikuwa mfuniko wa nyuma, pete iko upande wa pili.

Mdogo wangu, Baba haoni vizuri. Alinikataza nisikuandikie, nami siwezi kukuficha. Nilimpeleka kwa daktari wa macho, akasema ugonjwa uko ndani na upasuaji hautasaidia. Mwanga utabaki, lakini sura za watu zitapotea, huenda kabla ya mwaka kwisha. Nililia njia nzima. Yeye ndiye aliyenibembeleza, akanyoosha kidole kunifuta machozi, akanifuta sikio. Tukacheka wote wawili, kisha nikalia tena.

Sasa nije kwenye kile kidude cha ubavuni cha kujazia saa, kile nilichokuambia kwamba kimepotea mezani kwangu. Unanijua, mimi spea nazifunika kwa glasi hata nikiitwa kula. Nilifagia, nikapitisha sumaku chini ya kabati, nikamvaa fundi cherehani kwamba kimeangukia kwenye vitambaa vyake. Maskini ya Mungu akamwaga gunia zima sakafuni, tukachambua kipande kwa kipande kama watu wa mchele. Patupu. Nawe ukanijibu kwamba umesikia habari za mjane wa fundi saa, huko mji wa mbali, mwenye droo nzima ya vidude hivyo, na kwamba likizo yako yote utaimalizia safari ya kumfuata.

Usiende. Usikitafute tena, kimepatikana.

Mama alikuwa anataka kufua koti la Baba, akanipa leso aliyoikuta mfukoni. Nilipoikunjua nikakuta kile kidude, na pembeni yake kioo chako cha kwanza, kizima, hakina hata mkwaruzo. Kikulacho ki nguoni mwako! Nikamwuliza Mama kama alijua. Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, mume wangu huyu, nisijue kilicho mfukoni mwake?"

Nilimwendea Baba na hasira zangu zote, nikampa maneno ambayo mtoto hampi baba yake. Hakukana. Alisubiri nimalize, akasema, "Sasa saa ikipona, yeye atatuma nini tena?"

Nikavuta kiti nikakaa karibu naye.

Unakumbuka alipokuwa akishuka majini kukwangua matumbo ya meli, wewe juu ukimshikia kamba? Hakumtaka mwingine, alisema mikono yako ina masikio. Akivuta mara moja, maana yake niko salama. Akivuta mara mbili, nipandishe. Basi ameniambia kwamba kila kifurushi chako kikifika, yeye anakihesabu kuwa ni kamba imevutwa mara moja. Anajua uko salama, anashiba. Kisha anaanza kutafuta kasoro ili kije kingine. Nimemkasirikia na nimempenda kwa pamoja, sijui kama wewe umewahi kupatwa na hali hiyo. Nadhani umewahi, umekua nami.

Saa nimeimaliza. Kidude nimekirudisha mahali pake, na kioo nimeweka kile chako cha kwanza, maana hakuna kilichokizidi. Inatembea vizuri, Baba anaiweka sikioni badala ya machoni. Kilichobaki ni kuijaribu ndani ya maji. Ndoo nilishaijaza, lakini amekataa katakata. Anasema haishuki majini mpaka mshika kamba awe juu, hata kama maji yenyewe ni ya ndoo. Nikamwambia huo ni ukaidi. Akakubali kwamba ni ukaidi, na ndoo ikabaki pale pale. Mama sasa anaikwepa kila akipita, ananung'unika.

Basi hiyo likizo usimpelekee mjane wa watu. Sikuburuzi, una kazi na una familia. Nakwambia tu ndoo iko wapi.

Mama anakusalimu, anauliza kama unavaa sweta alilokufumia. Shemeji yako anakusalimu. Fundi cherehani naye anakusalimu, ingawa mimi bado ananinunia. Msalimu wifi, mbusu binti kwenye hayo meno mawili. Mungu awafunike na kuwalinda, awafungulie njia iliyo nyeupe.

Nilipofika kwenye salamu hizi, Baba amekuja kusimama nyuma ya kiti changu. Nimemwuliza ana neno gani la kukutumia. Amepapasa mpaka akaupata mkono wa blauzi yangu, akauvuta mara mbili, akarudi kukaa.

Mimi dada yako, nikupendaye kwa domo na kwa moyo.