Mguu wa Mama na Koti Lako Jeupe

Wodi ya Wanawake,
Kitanda cha Dirishani.
Jumatano asubuhi.

Mpendwa Kaka,

Hilo "mpendwa" nimeliandika kwa sababu barua huanza hivyo. Usilishike sana.

Hujambo? Wifi hajambo? Na mtoto je? Kama nyote wazima, mshukuruni Mungu, maana huku hatuna uzima wa kuwagawia. Tangu nikufokee hupokei simu ya mtu yeyote, basi nimempa barua hii binamu yetu, dereva wa lori. Nimemwambia asiondoke. Atasimama hapo hapo mpaka umalize kusoma.

Mguu wa Mama, ule uliosema ni mzio wa sabuni, umevimba mpaka gotini. Ni mwekundu, na ukiuwekea kiganja utadhani umegusa birika. Anatetemeka kwa homa huku amejifunika mablanketi mawili. Ile krimu uliyotuma tumeipaka mpaka tyubu ikajikunja, na mguu ukazidi kunona.

Daktari wa hapa, daktari kweli, ametueleza. Ngozi kuwa nyekundu, kupata moto na kuvimba kunaletwa na mambo mengi: sabuni, mdudu, jipu, hata jua kali. Ndiyo maana ugonjwa haukisiwi kwa picha ya simu. Huu wa Mama ni maambukizi. Vijidudu viliingia kwenye ule ufa kati ya vidole, anaoupata kwa kushinda kwenye karo la kufulia na viatu vya mpira vilivyolowa. Krimu ya mzio nayo ikatuliza wekundu juu juu, huku chini vijidudu vinastawi. Jana daktari aliuzungushia wekundu mstari wa kalamu. Leo wekundu umeuvuka.

Dawa ipo, Kaka. Inapita mshipani, kwa dripu. Anayekataa ni Mama. Ameficha mkono chini ya blanketi, anasema, "Mwanangu daktari alisema dripu itaujaza maji mguu uliokwisha kuvimba. Hanidungi mtu mpaka aseme yeye." Unaijua nyumba yetu, hata bati halibadilishwi kabla kifungua mimba hajatoa neno.

Mwanawe daktari! Mtu anayekata mbavu na kupima maini buchani! Ulituma picha umevaa koti jeupe la kazi, Mama akaitundika sebuleni, majirani wakakuita Daktari, nawe ukanyamaza kama maji ya mtungini. Sawa, sifa ni tamu. Lakini hukutosheka kunyamaza, ukaanza na kutibu. Na kuuza nyama ni kazi halali, Kaka. Mama angejivunia hiyo hiyo.

Nimejaribu kumwambia mwenyewe. Nilisema, "Mama, Kaka anauza nyama." Akanitazama kwa huruma. "Wivu utakuua, mwanangu. Mwenzio kasoma, wewe umebaki na cherehani." Muuguzi akacheka. Mimi nikaenda kulia chooni.

Wiki hii nakuchukia. Naandika waziwazi usije ukatafuta maneno matamu katikati ya mistari.

Daktari anasema sumu ikiingia kwenye damu, tutakuwa tunazungumzia kuukata mguu, au kumzika Mama. Basi sitaki krimu nyingine wala ushauri. Chukua simu ya dereva umpigie Mama. Najua utatafuta njia ya mkato, umwambie kwa sauti nzito kwamba wewe, Daktari, umeruhusu dripu. Mguu huu utapona. Lakini ugonjwa ujao atalala nao tena kitandani akikungoja wewe. Kwa hiyo mwambie kazi yako kwanza, ndipo umwambie amsikilize daktari. Atalia, atakutukana, labda picha itashushwa ukutani. Acha ishushwe.

Shangazi anakusalimu, ingawa salamu zake nimezipunguza makali. Msalimie wifi, umbusu mtoto, yeye hana kosa. Mungu akujalie ujasiri wa dakika moja tu, hizo nyingine ishi utakavyo.

Mama ameamka sasa hivi, ameniuliza mbona hupigi. Nimemwambia una wagonjwa wengi. Alitabasamu, Kaka, na homa yote ile. Sitakudanganyia tena.

Mdogo wako akupendaye kwa taabu,
Fundi Cherehani.