Niliandika Watoto Watatu

Jumatatu, 29 Desemba

Nimefua. Nimechota maji. Nimeosha vyombo vya mchana. Mama yuko shambani na mdogo wangu Baraka. Hii ni mistari yangu ya kwanza tangu tumzike Baba, karibu wiki nne sasa.

Shuleni nilikuwa naandika kila siku, hata wakati wa mitihani ya kidato cha nne. Sasa nikishika kalamu naiweka chini tena. Kwa hiyo naweka sheria: ukurasa mmoja kila siku, baada ya vyombo. Hata kama hauna maana. Daftari ni la Biolojia, limebaki nusu.

Ukurasa haujajaa. Naishia hapa.

Jumanne, 30 Desemba

Mvua. Mto Mkondoa umejaa, maji ni tope tupu. Sina kingine.

Jumatano, 31 Desemba

Nimechora maua pembezoni mwa karatasi. Nilidhani ni uvivu. Siyo uvivu. Naogopa. Kitu cha mwisho nilichoandika kilimuumiza mtu. Kesho nitakiandika hapa chote.

Alhamisi, 1 Januari

Kanisani. Watu wanatakiana heri. Sijaandika kile nilichoahidi. Kesho.

Ijumaa, 2 Januari

Haya.

Baba alipofariki, Baba Mdogo alikuja kutoka Lumuma akanipa karatasi. "Msomi wetu ni wewe. Andika wasifu wa marehemu, mwinjilisti atausoma makaburini." Niliandika uani, juu ya beseni lililogeuzwa, wanawake wakiosha mchele wa msiba. Alizaliwa wapi, alisoma wapi, aliugua lini. Halafu nikaandika: ameacha mjane na watoto watatu. Kaka yangu Tumaini, mimi, Baraka.

Baba alikuwa na watoto wanne. Wa kwanza ni Rehema, aliyezaliwa Lumuma kabla Baba hajamwoa Mama. Hapa Kidete Baba aliitwa Baba Tumaini. Kule Lumuma mpaka leo ni Baba Rehema. Sikumsahau. Yeye ndiye aliyenisuka nywele kwa mara ya mwisho kabla sijaanza kidato cha kwanza, maana shule ilitaka tunyoe. Alinisuka tu ili nifurahi siku mbili.

Lakini Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, hatua tatu kutoka kwangu, na jina la Rehema halitajwi nyumbani kwetu. Hakuna aliyenikataza. Hakuna hata aliyeniangalia. Niliogopa uso wa Mama, basi.

Na sikufikiria kwamba wa kuweka mashada wangeitwa kwa karatasi ile ile. Aliitwa mjane. Wakaitwa watoto: Tumaini, mimi, Baraka. Rehema alikuwa amesimama mbele kabisa, shada mkononi, anangoja. Wakaitwa ndugu. Wakaitwa majirani. Wakaitwa viongozi wa kijiji. Mwinjilisti akakunja karatasi. Rehema akageuka, akaliweka shada lake kwenye kaburi la Bibi, hapo pembeni, akaondoka bila kula.

Ukurasa umejaa na kupita. Sijisikii vizuri hata kidogo.

Jumamosi, 3 Januari

Baba Mdogo amekuja. Arobaini ni Jumamosi ijayo, na msalaba utasimikwa siku hiyo hiyo. Anataka wasifu usomwe tena, kwa ajili ya ndugu waliokosa mazishi.

"Ule ule, mama. Nakili tu, wangu umelowa."

Nikamuuliza kama Rehema atakuja.

"Rehema? Nimemwambia. Kasema yeye hana msiba kwa baba wa watoto watatu."

Kisha akaomba chai.

Jumatatu, 5 Januari

Nimeandika wanne. Nimechana. Nimeandika watatu. Nimechana. Karatasi za daftari zinapungua.

Jumatano, 7 Januari

Wanne. Rehema, Tumaini, mimi, Baraka. Sijachana. Nimeiacha mezani chini ya kopo la chumvi, ili Mama aione akirudi. Kusema siwezi. Kuacha karatasi naweza.

Alhamisi, 8 Januari

Mama ameisoma. Anasoma polepole, kwa kidole. Mimi nilikuwa jikoni nachochea moto usiohitaji kuchochewa. Akaja akasimama mlangoni.

"Siku ile yaliposomwa majina matatu, nilifurahi," akasema. "Mungu anisamehe."

Hakuniangalia. Akanirudishia karatasi. Hakuongeza neno wala kufuta jina.

Nimelia mpaka wali ukaungua. Siku ile ningemuuliza tu. Labda angekataa. Labda asingekataa. Sitajua kamwe.

Jumamosi, 10 Januari

Msalaba umesimikwa. Tumaini amekuja kutoka Mikumi, amekonda. Mwinjilisti amesoma wasifu. Wanne. Wazee wa Lumuma wakaitikia, "Naam." Mama aliinamisha kichwa.

Wakaitwa watoto kuweka maua. Rehema. Mwinjilisti akaita tena, kwa sauti kubwa zaidi, kama mtu anayedhani hajasikika. Watu wakaanza kugeuka nyuma. Nikatamani ardhi inimeze. Ndipo Tumaini akatoka.

Shada la Rehema bado lilikuwa kwa Bibi, rangi zimechujuka kwa mvua. Nilitaka kulihamisha. Nikaacha. Siyo langu.

Nimempa Baba Mdogo nakala ya wasifu ampelekee. Nyuma nimeandika: Dada, shikamoo. Mimi ndiye niliyekuacha. Hakuna aliyenituma.

Jumatatu, 12 Januari

Mvua. Kuku mmoja amepotea. Tumaini amerudi kazini. Nimeandika ukurasa, sikuupenda, nimeuacha hivyo hivyo.

Jumatano, 14 Januari

Hakuna jibu kutoka Lumuma. Ukurasa.

Alhamisi, 15 Januari

Baada ya vyombo nilienda kung'oa majani makaburini.

Shada halipo kwa Bibi. Pamebaki duara la nyasi za njano. Liko kwa Baba, limeegemezwa kwenye msalaba, na pale waya ulipokatika limefungwa kwa kipande cha khanga. Udongo ni laini bado. Alama za malapa zinatoka barabarani mpaka kaburini, na zinarudi barabarani. Kwetu panaonekana ukiwa pale. Hakupita.

Nimeng'oa majani yote. Pale kwenye duara sikugusa.

Nimemwambia Mama. Ameendelea kumenya mihogo.

"Alikuwa peke yake?"

Nikasema nadhani, alama ni za mtu mmoja.

Akamenya mwingine, akauweka kwenye maji.

"Lumuma ni mbali," akasema. "Amerudi na njaa."