Ufagio wa Harusi ya Thirza

Nyikani, Surrey
8 Januari 1934

Kwako Kezia, mdogo wangu,

Pokea salamu za kaka yako. Mimi mzima kabisa, meno yamebaki matatu ila yanatafuna nyama kuliko yako yote. Mguu wako vipi?

Nasikia binti yangu Thirza, anayekaa hapo kwako Portsmouth, anataka kuolewa na mchuuzi wa brashi. Brashi, Kezia! Manyoya ya farasi yamechomekwa kwenye ubao! Naye anaziita broom bila haya. Mwambie broom ni kichaka kwanza. Kilikuwepo hapa nyikani kabla nyumba yoyote haijafagiwa. Wazee kifaa chenyewe walikiita besom, wakazoea kukifunga kwa matawi ya broom, basi jina la kichaka likahamia kwenye kifaa. Sikusoma, lakini hilo hakuna wa kunifundisha. Mfungaji wa fagio kunizidi mimi Surrey nzima hajazaliwa.

Za kuuza nafunga kwa vijiti vyovyote. Ya harusi, hapana. Kila mwanamke wa nyumba hii, hata wewe, siku ya harusi yake aliruka ufagio wa broom halisi uliolazwa mlangoni. Thirza asiporuka, mimi sina mkwe.

Kaka yako mkubwa,
Amos


Portsmouth
15 Januari 1934

Kaka Amos,

Salamu kwa heshima. Mguu unauma kwa baridi, mengine shwari.

Nimewasomea barua yako mezani. Kijana, Wilfred, alicheka mpaka chai ikampalia. Thirza hakucheka. Kasema, "Shangazi, mwandikie baba. Harusi ni tarehe kumi Februari. Akikataa tutaandikishana hapa hapa mjini, na huko nyikani sikanyagi tena." Unamjua, kichwa kile ni chako.

Wilfred hana neno. Anasema, "Mzee anielekeze tu, nitakata mwenyewe." Kaka, mtoto ni huyo mmoja. Legeza kidogo.

Mdogo wako,
Kezia


Nyikani
20 Januari 1934

Kezia,

Barua imefika, afya yangu ni ile ile ya chuma. Silegezi. Ila kwa kuwa kajitolea, na aje. Akate peke yake, afunge peke yake, asisaidiwe na mtu. Waruke pamoja. Unyayo ukiugusa ufagio, kanisani hatuendi. Alama ya kichaka ni maua ya njano, mtoto mdogo hakosei.

Kaka yako


Portsmouth
9 Februari 1934

Kaka,

Hujambo? Wameondoka na treni ya asubuhi, na hii naituma leo leo. Mguu umenikatalia safari. Thirza kabeba gauni la marehemu mama yake. Alinishika mkono akauliza, "Baba atanikubalia?" Andika upesi.

Mdogo wako


Nyikani
12 Februari 1934

Kezia mdogo wangu,

Mimi buheri wa afya, na mguu wako utapona ukisikia haya.

Ijumaa kijana aliingia nyikani peke yake. Karudi mikono damu tupu, kama aliyegombana na paka, mzigo wa maua ya njano begani. Kezia, kakata kile kichaka cha miiba! Kile kinachofanana na broom kwa mbali! Jirani yangu Jabez akapiga kelele, "Amos, mkweo kakuletea nungunungu!" Watu wakaangua kicheko.

Nikamwambia, "Wee bwana, sicho."

Akanitazama usoni. "Baba, uliandika maua ya njano. Nimezunguka nyika yote, hakuna kichaka kingine chenye ua."

Ni kweli. Februari broom haijachanua, ni hicho cha miiba tu. Na wewe usiniandikie neno lolote juu ya hilo.

Thirza akasema, "Baba, sema sasa. Treni ya kurudi ipo."

Wilfred akaketi pale pale akaufunga ufagio wake. Nikauchukua ufagio nikautikisa kwa nguvu zangu zote. Kaufunga kwa mikono ile iliyochanika, na haukudondosha hata kijiti. Nikasema, "Kesho ulazwe mlangoni."

Basi sikia. Ufagio wa broom watu huruka kivivu. Marehemu mke wangu aliuparaza kwa pindo, tukajifanya hatukuona. Huu wa miiba nani angethubutu? Walishikana mikono, wakatimua mbio, wakaruka juu mpaka kofia ya bwana harusi ikagonga kizingiti cha juu! Nyika nzima ikashangilia. Jabez mwenyewe alivua kofia. Kanisani nilimshika binti yangu mkono, analia anacheka.

Kuanzia leo ukoo wetu utaruka miiba, na harusi ni Februari. Watangazie Portsmouth nzima kwamba ni mimi niliyeamua hivyo tangu mwanzo.

Kaka yako, na baba mkwe wa Wilfred,
Amos