Feza, Jetoni Yako Ingali Inje

Likasi, Shituru

Mudogo wangu Feza,

Minye yaya yako, kaka mukubwa, nakusalimu kwa kalamu tu. Roho yangu bado imenuna, itakusalimu yenyewe siku ikitaka. Huko Kabalo muko wazima? Mto ingali na samaki, ama nayo imefunga milango kama huku? Minye niko muzima, ni magoti tu yanalia nikiinama. Mwana wako Ilunga eko muzima, ananenepa na majani ya muhogo, ile sombe ya muke wangu, na asubuhi anaimba vibaya kupita jogoo. Habari za uzima zimeisha. Sasa tugombane.

Weye njo ulimutuma Kasongo, mudogo wa bwana yako, akuye kumukamata Ilunga amupeleke kwa muchungaji wenu. Ati afungwe kamba na anyimwe chakula mpaka roho mubaya imutoke. Roho gani, Feza? Mutoto alizaliwa na akili yenye kutembea polepole. Kama polepole ni shetani, muchungaji wako aanze kuombea treni.

Kazi yangu unaijua, na kama umeisahau nakukumbusha. Kiwanda ya shaba hapa Shituru ilipotuambia twende tukapumzike, masista walinipa atelier, karakana ya masomo yao ya sekondari. Nafundisha ufundi wa bati kwa batoto benye muji unabaita bazoba, bajinga: benye hawasikii, na benye akili inakawia kama ya Ilunga. Tunapasua mapipa ya zamani, tunatengeneza mbabula, majiko ya makala. Lakini kabla ya nyundo, nabafundisha jetoni, kile kibati cha kuonyesha nani ameingia kazini, sawa vile tulivyofanya kiwandani. Ukutani kuko mbao yenye misumari pande mbili, inje na ndani. Kila mutoto alijikatia jetoni yake katika kopo la maziwa, akaitia alama. Ukifika, unaitoa inje, unaipachika ndani. Kazi ikiisha nagonga kipande cha reli na kuinua mukono, unairudisha inje. Siku ya kwanza nilibaambia, kwa kujisifu tu: "Jetoni ikiwa ndani, weye ni muntu wa kazi. Hata raisi akikuita, angoje!" Bengine walicheka. Ilunga hakucheka. Aliliweka lile neno kichwani kama lilivyo. Alama yake ni samaki, yenye kufanana na kiatu.

Basi Kasongo akaingia, Biblia mukono huu, kamba mukono ule, kama muntu mwenye kuenda kununua mbuzi.

"Ilunga, twende. Mama anakuita."

Ilunga anagonga bati. "Jetoni iko ndani."

"Jetoni gani? Mama yako analia!"

"Jetoni iko ndani. Kazi bado."

Kasongo akanigeukia. "Yaya, mwambie!"

"Minye? Minye ni kapita, kazi yangu ni kusimamia tu. Uliza mwenye jetoni."

Akakasirika. Akatafuta kwenye mbao, akang'oa ile ya samaki, akaitupa chini. Nyundo zote zikanyamaza, hata batoto benye hawasikii walisikia kwa macho. Ilunga akainama, akaiokota, akaipanguza kwenye shati, akaipachika tena ndani. Kisha akarudi kwa bati yake. Kasongo akamushika mukono amuvute. Ilunga akakaa chini, muzito kama gunia la mahindi.

"Unaona, Yaya? Roho mubaya hiyo!"

"Kama ni hiyo," nikamwambia, "basi Shituru nzima ilikuwa na pepo, maana tulipachika jetoni sisi wote, na mapepo yetu yalitoka na shaba. Ya kwenu inatoka na nini?"

Akakaa kwenye benchi, akingoja na uso wa mazishi. Nilipogonga reli, Ilunga alirudisha jetoni inje, akanawa mikono, akamushika Kasongo vizuri sana. "Sasa twende nyumbani, baba mudogo."

Kasongo akanicheka kwa jicho. Alizani ameshinda! Ilunga alimukokota, wakaipita njia ya kuenda stesheni bila kuifuata, akamuingiza katika lupango, kiwanja cha nyumba yangu, akamupa kiti. Nyumbani, Feza. Ulisikia neno hilo vizuri? Shemeji yako akala bukari yangu, ile ugali ya mahindi, kwa hasira, akarudia mara mbili, na asubuhi akapanda wagoni ya mizigo peke yake.

Sasa nasikia unataka kumutuma tena, na muchungaji juu yake. Usijaribu. Huku wanaume wenye mikono na vyeti banakaa mbele ya milango bila kazi, na mwenye kuoka mikate pale Kikula ameisha kumuomba Ilunga, akimaliza masomo, amutengenezee forma zake, bati za kuokea. Ukimufunga kamba sasa, utarudishiwa mutoto mwenye kuogopa hata nyundo.

Na hii usimusomee muchungaji. Kasongo alipoenda, Ilunga alikata jetoni ingine. Juu yake alitia pengo, sawa lile la meno yako ya mbele. Akaipachika upande wa inje. Kila asubuhi, akiisha kuingiza yake, anaiangalia ile, ananiambia: "Mujomba, mama bado hayafika." Ningeisogeza ndani mwenyewe ili anyamaze. Nimedanganya makapita, nimedanganya mapadri, unajua. Yeye siwezi: angekutafuta chini ya kila meza.

Kwa hiyo kuya weye mwenyewe, bila kamba, uipachike kwa mukono wako.

Nisalimie mama mukubwa mwenye kusuka mikeka, na bwana yako, huyu kidogo tu. Kasongo mwambie kamba yake aliisahau, tunaanikia nguo. Weye, roho yangu inakataa kabisa kukusalimu. Inasema itakusalimu pale mulangoni mwa atelier.

Yaya yako,
Mukalay, kapita wa bazoba