Leseni ya Ajwang

Ajwang wangu amepata leseni ya pikipiki. Hapa Nyamasaria kuna msichana mwingine aliye nayo? Hakuna.

Ndugu yangu Owiti, salamu kwenu huko Sondu. Nakuandikia kwa sababu simu yako hupokelewa na mkeo, na yule hanyamazi.

Nimemnunulia koti zito, buti na helmeti mpya. Akivaa, majirani hutoka nje kumtazama. Lakini mkanda wa helmeti hafungi. Nikamuuliza, "Mwalimu hakukufunza?" Akacheka. "Mama, wewe umeendesha lini?"

Nikamuuliza juu ya ule ubao wenye barabara na vigari vidogo, ambapo mtahini huuliza nani apite kwanza. Eti hajawahi kuuona. Owiti, wewe uliulizwa hapo kabla ya kupewa leseni yako. Sasa huyu alifanya mtihani gani, na wapi?

Ufunguo wa pikipiki yake nimeufunga kwenye leso yangu. Kabla hajabeba mtoto wa mtu, kaa nyuma yake akuzungushe. Ukishuka na kutikisa kichwa, atarudi kujifunza, na wageni wa sherehe ya leseni nitawaambia ni sherehe ya helmeti.

Ni mimi dadako, Benta. Wewe njoo Jumamosi asubuhi. Wengine wote nimewaita Jumapili, baada ya kanisa.